Nusu Yako Ilipe Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi moja kule Nassa, mwanangu, nikiwa bado mke mgeni pale nyumbani kwa wakwe, nilivyomsikia shemeji yangu Luhende akifoka uani: "Kumbe mlimnunua!" Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile nachoka kabisa.

Luhende na mume wangu Masanja ni ndugu wa tumbo moja. Waligombania majaruba ya mpunga aliyoyaacha baba yao, mpaka wakaacha kusalimiana. Mwishowe wakamwita Mayu Kabula, yaani Mama Kabula, mwalimu mstaafu wa Bariadi aliyekuwa akisuluhisha watu. Mama yule hakuficha kitu. Kabla ya kukaa alitaja ada yake, akasema kila upande ulipe nusu.

"Asiye nayo aniambie, tutapanga," alisema. "Ila asilipiwe kwa siri."

Wote wakaitikia. Wanaume hao!

Luhende alikuwa hajauza pamba, akaona aibu kusema. Masanja akalijua hilo, na badala ya kusema akampelekea Mayu Kabula nusu zote mbili, akidai katumwa na mdogo wake. Wakakaa, wakaongea vizuri, wakapigilia vigingi vya mpaka. Hata walicheka.

Kesho yake Luhende akaenda kumwomba yule mama amsubiri auze pamba. "Mbona ulishalipa?" akajibiwa. Basi ndipo akaja kwetu akifoka vile, kisha akaenda majarubani akaving'oa vigingi vyote.

Mayu Kabula akaja nyuma yake, akamrudishia mume wangu pesa ya nduguye.

"Nilitaka kumsaidia tu, Mayu," Masanja akasema.

"Ungemsaidia kwa kusema. Sasa kila neno langu kwake ni neno la kununuliwa."

Tukasubiri pamba iuzwe. Luhende akalipa nusu yake kwa mkono wake, wakakaa upya. Na mpaka, mwanangu, ukawa ule ule! Ule ule kabisa! Ila mvua zilishapita, majaruba yakalala bila mche, na mama mkwe wangu, aliyelima mpunga maisha yake yote, mwaka ule alinunua mchele sokoni kama mgeni.

Na ninyi mliosoma mnafanya yale yale. Mnamwita msuluhishi, mnakaa siku nzima, jua likizama ndipo mnaulizana, "Kwani inalipiwa?" Aa, mnanichosha! Ulizeni kabla hamjakaa: ada ni kiasi gani, nani analipa, lini, na msipopatana inarudi au hairudi. Kila mmoja alijue jibu, mwenzake akisikia. Kama huna, sema huna. Nani aliwahi kufa kwa kusema hana? Na hata ukiwa nazo tele, usimlipie mwenzako kimyakimya ukaiita huruma.

Haya, nendeni. Mungu awajalie kusikilizana mapema, mashamba yenu yapandwe kwa wakati, na mama zenu wale walichokilima.