Siku Shemeji Aliponichagulia Mkono wa Kulia

Nawasimulieni hili nikiwa bado na hasira, mjue kabisa. Aibu ipo, tena kubwa, maana mwanamke mzima, mke wa mtu, kujivua shungi kwa mikono yake mwenyewe mbele ya uwanja uliojaa wanaume, huku anaruka na kupiga kelele, si jambo la kusimulia kwa raha. Lakini hasira ndiyo iliyotangulia, na mpaka leo sijui niigawe vipi, kiasi gani nimpe shemeji yangu Hemedi na kiasi gani nibaki nacho mwenyewe.

Mimi Mwanaidi ni mtu wa Tanga, naishi Mayfair hapa Johannesburg na mume wangu Shaaban, yeye anauza mapazia na mimi nafanya kazi ya ulinzi. Kazini ndiko nilikopelekwa mafunzo ya silaha, mwalimu akaona kila risasi yangu inakaa jirani na mwenzake, akaniambia mama, hiki ni kipaji, nenda kwenye klabu ya kulenga shabaha. Nikaenda. (Waliocheka walicheka, eti mwanamke wa Kiislamu na shungi lake analala chini na bunduki kati ya Makaburu. Nikawaacha wacheke.) Miaka miwili nilitumia bunduki ya klabu, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi, na shabaha ya mita mia tatu nikawa naipiga katikati mpaka wazee wenye ndevu nyeupe wakawa wananiletea kahawa.

Sasa jambo moja mlishike. Mimi natumia shoto. Marehemu mama alinichapa vidole mpaka nikajua kula kwa mkono wa kulia, na kwa kulia nakula, alhamdulillahi, lakini kukata kitunguu, kushona, kurusha jiwe na kufyatua bunduki ni shoto, na hata jicho linaloona mbali ni la kushoto. Hakuna aliye karibu nami asiyejua. Hemedi anajua! Amekula sambusa zangu miaka yote ananiona nazikunja kwa shoto.

Mwaka 2017 klabu ikaanzisha mashindano ya bunduki zinazojikoki zenyewe, zile unazofyatua na risasi inayofuata inaingia bila kuguswa, na kulenga kwenyewe ni mbali. Nikasema safari hii nataka yangu. Kibali changu cha kuishi hapa moja kwa moja ninacho, uanachama ninao, kilichobaki ni kuchagua kisha kupeleka maombi polisi. Nikauliza kila mtu pale klabu, nikasoma, nikajua ninachokitaka: mtutu mrefu na mnene ambao hauyumbi ukipata joto, kifyatuo chepesi kisichokwamakwama, kitako kinachorefushwa na kufupishwa kulingana na bega, na mahali imara pa kufunga darubini. Mambo ya kupendeza na kutopendeza sikutaka kuyasikia.

Na kwa sisi wa shoto kuna la ziada. Bunduki hizi zikishafyatua zinatupa lile ganda la risasi upande wa kulia, nalo linatoka la moto. Mtu wa kulia halimhusu, linapita mbali naye. Mimi nikiweka kitako begani kushoto, uso wangu wote na shingo yangu viko huko huko kulia linakotupwa. Kwa hiyo anayetumia shoto anafungiwa kikinga kidogo cha chuma nyuma ya tundu linakotokea ganda, likitoka linagonga pale na kwenda mbele. Jambo dogo tu.

Siku ya kwenda dukani Shaaban akasema, "Mke wangu, mimi siwezi kufunga duka, nenda na Hemedi. Usiende peke yako, watakuona mjinga wakuuzie takataka." Hemedi ni mdogo wake, mtu wa Dar, anaishi mtaa wa Observatory, mdomo wake haujawahi kupumzika. Aliwahi kulinda geti miezi michache na rungu mkononi, na kutokana na rungu lile yeye ni mtaalamu wa silaha zote duniani. Nikakubali, maana kukataa kungeleta maneno.

Tulipofika, yule muuzaji, mzee wa Kikaburu mwenye miwani mikubwa, akampa mkono Hemedi. Mimi nimesimama pale na kadi yangu ya uanachama mkononi, naye anampa mkono Hemedi na kumuuliza, "Unatafuta nini, bwana?" Na Hemedi badala ya kusema bunduki ni ya huyu, akajinyoosha kabisa, "Tunatafuta ya mbali, lakini iwe na sura."

Sura!

Akaenda moja kwa moja kwenye kibunduki kifupi cheusi, kina vishikio kila mahali, akakibeba na kukunja uso kama anapigwa picha. "Shemeji, hii! Hii hata kabla hujafyatua adui ameshakimbia."

"Hemedi, mimi nalenga karatasi," nikamwambia. "Karatasi haikimbii."

Muuzaji akacheka, na kwa mara ya kwanza akanitazama. Nikamwonyesha niliyoitaka, ndefu, nzito, haina urembo wowote. Nikaiweka begani, kifyatuo kilipoachia ni kama kukata uzi. Yule mzee akatikisa kichwa akasema nimechagua vizuri, na Jumamosi atakuja uwanjani klabu kwetu na bunduki zake, watu wazijaribu chini ya usimamizi wake kabla ya kuomba leseni. Halafu, akiwa ameshika kalamu, akauliza swali lenyewe, tena akamuuliza Hemedi: "Anatumia mkono gani? Kama ni wa kushoto nitaifungia kikinga."

Na Hemedi akajibu. Hakugeuka hata kuniangalia. "Kulia, mzee. Sisi Waislamu hatutumii mkono wa kushoto."

Sasa hapa ndipo. Ningefungua mdomo tu nikasema hapana, mimi ni shoto, mambo yangeishia pale. Lakini nyuma yetu kulikuwa na wateja wengine wawili wanasikiliza, nikaona nikimkatiza nitamuumbua shemeji yangu mbele ya wazungu, mume wangu atasikia, itakuwa kesi ya ukoo. Nikanyamaza. Nikajiambia Jumamosi nitamnong'oneza muuzaji pembeni. Eish! Heshima gani ile jamani, ya kumlinda mtu asiyejua anachokisema?

Jumamosi Hemedi alikuja na nusu ya Mayfair. Alikuwa ametangaza kwenye kundi la simu kwamba shemeji yake anafyatua, njooni mwone, na watu wakaja na magari matatu, akina mama na vyombo vya chakula, vijana wa dukani, na rafiki yangu Mama Furaha, msusi Mkongo wa mtaa wa La Rochelle, aliyefunga saluni siku yenye wateja wengi kwa ajili yangu. Muuzaji alikuwa amezungukwa na watu kwenye meza yake. Nilijaribu kumfikia, sikuweza, na kabla sijajua Hemedi ameshanibebea kiti na kunikalisha kwenye meza ya kufyatulia, "Shemeji wa kwanza! Shemeji wa kwanza!", simu yake iko juu inarekodi. Nikaitazama bunduki. Haina kikinga.

Nilijua. Sitaki mtu aniambie sikujua.

Msimamizi wa uwanja siku hiyo alikuwa Mama Lerato, mwanamke wa Soweto asiyecheka ovyo, ambaye sauti yake inasikika hata ukiwa umeziba masikio. Akatoa ruhusa. Nikaweka kitako begani kushoto. Risasi ya kwanza, katikati! Ganda likapita mbele ya pua yangu, nikasikia joto lake. Nyuma watu wakapiga makofi. Risasi ya pili, katikati tena, ganda likagonga miwani ya kinga, ta! Hapo mtu mwenye akili anaweka bunduki chini na kuinua mkono. Lakini nilimsikia Hemedi anasema, "Mwoneni, mimi ndiye niliyemchagulia hiyo," na damu ikanichemka, nikasema wallahi namaliza zote tano, wajue nani amechagua nini.

Risasi ya tatu, ganda likaingia kwenye shungi.

Sijui niwaelezeje. Lilipita chini ya kidevu likateleza mpaka kwenye mfupa wa bega likakaa pale, kitambaa kimelibana, nami nimefunga shungi kwa pini tatu maana kulikuwa na upepo. Lilikuwa linaungua kama sarafu iliyotoka jikoni. Nikapiga ukelele ambao hata mimi sikuujua, nikainuka, kiti kikaanguka, mkono mmoja unavuta pini na mwingine (huu ndio unaoninyima usingizi) bado umeshika bunduki yenye risasi, na mimi nageuka nayo.

"Chini! Wote chini!"

Ilikuwa Mama Lerato. Nilipofumbua macho mkono wake ulikuwa umeshaukandamiza mtutu mezani, na nyuma yangu watu wote wamelala kwenye vumbi, akina mama wa madrasa, wazee wenye ndevu, yule muuzaji na miwani yake, pilau imemwagika. Akaniondoa vidole kimoja kimoja, akatoa magazini, lile kasha la risasi, akatoa risasi iliyokuwa ndani. Mimi ganda bado linaniunguza. Nikalivuta shungi lote likatoka, nikafungua vifungo vya juu, ganda likaanguka chini likalia kwenye saruji, na pale nikasimama kichwa wazi, nywele nilizosuka za nyumbani, shingo nje, nalia.

Wa kwanza kuinuka alikuwa Mama Furaha. Akaja anakimbia na kitenge alichokuwa amejifunga kiunoni, akanifunika kichwa na mabega, akanikumbatia, akawageukia watu kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake saluni: "Banaume, mugeuke kule! Musimuangarie! Munaangaria nini?" Na wanaume wakageuka, hata Makaburu wasiojua neno la Kiswahili.

Hemedi hakugeuka. Alikuwa amelala kifudifudi, lakini simu ameinyoosha juu, inarekodi.

Jioni hiyo hiyo video ilikuwa Mayfair nzima. Jumatatu nilipoingia dukani kununua maziwa, kijana mmoja akarukaruka akijishika shingo, wenzake wakafa kwa kicheko. Mume wangu naye, ninayempenda, akaniambia, "Mke wangu, yaache tu, Hemedi alikuwa anatania." Nilimwambia amwite hapa nyumbani, leo, sio kesho.

Akaja anatabasamu. "Shemeji, mbona umekasirika, watu wamecheka tu."

"Hemedi, nusura niue mtu."

"Lakini hukuua."

"Umeonyesha kichwa changu kwa watu wasionihusu. Mbele yangu hapa, ifute, kisha uandike kwenye kundi kwamba uliulizwa natumia mkono gani na ukadanganya."

"Sikudanganya, nilisema hivyo kwa sababu ya dini..."

Shaaban akamkatiza, na Shaaban huwa hapandishi sauti. "Andika," akasema. Akaifuta video, akaandika kwa hasira zake mwenyewe. Hakuomba radhi. Sikukuu zilizofuata hakuja, na sambusa sikumpelekea.

Nilidhani klabu ndiko nitakakoonewa huruma. Waliniita mbele ya kamati, Mama Lerato akauliza yeye.

"Ulipokaa mezani uliona haina kikinga?"

"Niliona."

"Kwa nini hukusimama?"

Nikaanza habari ya shemeji, na dukani, na wateja waliokuwa nyuma yetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyo shemeji ndiye aliyeshika bunduki?"

Nilimchukia kwa swali lile, nikaenda nalo nyumbani, nikalala nalo, na asubuhi nikaona anayestahili hasira ile si yeye. Walinifungia mpaka nirudie mafunzo yote ya usalama tangu mwanzo, nikakaa darasani na watu ambao hawajawahi kushika hata bastola ya maji, nikafundishwa upya jinsi ya kuweka bunduki chini. Niliyarudia yote, na nilikuwa nastahili kuyarudia.

Nilipomaliza nilirudi dukani. Peke yangu. Yule mzee aliponiona akachungulia nyuma yangu, mlangoni, anamtafuta mwanamume.

"Hakuna anayekuja," nikamwambia. "Nataka ile ile ndefu. Natumia shoto. Funga kikinga, na nionyeshwe kimefungwa."

Akakifunga mbele ya macho yangu, na akaomba radhi, lazima niseme ukweli, kwamba alipaswa kuniuliza mimi. Nilipokea radhi yake, lakini hasira haikuondoka yote, na alama ya ganda ipo hapa chini ya shingo, duara dogo jeusi.

Siku hizi mtu akiuliza jambo linalonihusu, iwe hospitali, iwe benki, iwe kwa fundi cherehani, najibu mimi, na aliye karibu akifungua mdomo kunisaidia namkatiza hapo hapo, awe shemeji, awe mume, mbele ya yeyote. Nasikia wanasema Mwanaidi wa siku hizi amekuwa mkali. Waacheni waseme. Mimi mkali kweli, na sina mpango wa kupoa.