Safari ya Kuwaona Heroe Niliokuwa Nimekwisha Kuwasimulia

Nilikwenda pwani ili nikawaone ndege ambao nilikuwa nimekwisha kuwasimulia watu. Najua safari za wenye akili haziendi hivyo. Mtu huanza kuona ndipo akasimulia. Lakini mimi nilikuwa nataka mke, na mtu anayetaka mke hana muda wa kufuata utaratibu.

Mambo yalikuwa hivi. Siku hizo gari la moshi la Wadachi lilikuwa limekwisha kufika kwetu Morogoro, na kila kijana aliyekwenda Daressalamu akarudi alitembea kifua mbele mwezi mzima. Mimi nilikuwa fundi wa kushona kanzu, na mwisho wa safari zangu zote ulikuwa Mikese. Jioni moja nilikuwa barazani kwa Mzee Saidi, mjomba wake Mwanahawa, na Mwanahawa mwenyewe alikuwa mlangoni akipepeta mchele. Sijui nilipatwa na nini. Nikasema kwamba nimepata kufika pwani, nikapanda chombo, nikawaona heroe, wale ndege wekundu, wamekaa juu ya minazi wanakula madafu.

Watu wakashangaa. Mzee Saidi hakushangaa. Ujanani mwake alikuwa mpagazi, na alibeba pembe mpaka pwani mara nyingi kuliko Idi nilizokula mimi.

"Heroe juu ya mnazi," akasema taratibu. "Sasa sikiliza, baba. Kwetu mpwa ni wa mjomba, na mimi ndiye nitakayesema ndiyo au hapana. Nenda pwani. Panda chombo, watazame ndege hao kutwa nzima, kisha urudi unieleze. Ukinipa uongo mmoja tu, Mwanahawa utasikia ameolewa kule Matombo."

Mwanahawa akainama juu ya ungo wake. Nilidhani analia. Baadaye niliambiwa alikuwa anacheka.

Alfajiri ya Jumatatu nilikuwa stesheni na kikapu cha ndizi mbivu za mlimani alichonipa mama. Tulipanda behewa la watu wa chini, lenye mbao za kukalia na cheche za bure. Moja ilinitoboa kanzu kabla hatujatoka mjini. Tulipoiacha Mikese nikashika ubao kwa mikono miwili, maana kuanzia hapo kila mti ulikuwa mgeni kwangu. Nikageuka nyuma. Milima yetu ya Uluguru ilikuwa bado inaonekana, mawingu kichwani, na moyo wangu ukatulia. Nilijisemea kwamba mtu mwenye milima namna ile hawezi kudharauliwa popote.

Daressalamu tuliingia jioni. Nililala kwa mtu wa kwetu aliyehamia huko, na cha kusimulia juu ya usiku huo ni mbu tu.

Jumanne, jua halijapanda, nilishika njia ya Msasani kwa miguu. Ufukweni nikamkuta mtu wa makamo akichota maji yaliyoingia mtumbwini mwake. Nikamsalimu, akaitikia, kisha akainua kichwa.

"Sauti hii ni ya Mluguru," akasema.

"Ndiyo. Na wewe bila shaka Mzaramo."

"Alhamdulillahi," akajibu. Akanivua kofia yangu, akaivaa yeye.

Jina lake Kondo. Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hukutukana, hukuchukulia kitu chako mchana kweupe, nawe hukasiriki. Ukikasirika, aibu ni yako. Na siku ukifa, huyohuyo huja kusaidia kukuzika, akakutania ukiwa ndani ya sanda. Kwa hiyo nilicheka, nikamweleza haja yangu yote, pamoja na habari za Mwanahawa na sharti la mjomba wake. Hilo lilikuwa kosa. Mtu hamwonyeshi mtani mahali anapoumwa.

Saa mbili tukaondoka. Kondo alisimama nyuma akisukuma kwa upondo, ule mti mrefu unaofika chini ya maji, mimi nikaketi katikati nimeshikilia kingo.

"Mtani, mbona umeukamata mtumbwi hivyo?" akauliza. "Mtumbwi ndio uliokukamata wewe."

Tulipita kando ya mikoko. Ndege yangeyange walikuwa wamejaa matawini, weupe kuliko kanzu yoyote niliyopata kushona. Kondo akanieleza kwamba hao ni mashehe, na ikifika adhuhuri mmoja wao huadhini. Mbele kidogo tukamkuta mnandi, ndege mweusi mwenye shingo ndefu, amesimama juu ya mti uliochomekwa majini, mabawa wazi, hatikisiki.

"Yule amefua nguo, anaianika bila kuivua," akasema Kondo.

Kwenye tope, kitwitwi, ndege wadogo wa miguu myembamba, walikuwa wakilifuata wimbi linaporudi na kulikimbia linapokuja. Kondo akaapa kwamba wamefanya hivyo tangu Nabii Nuhu alipowasahau nje ya safina. Hapo nikaweka sheria yangu: analosema Kondo litabaki mtumbwini, linaloonwa na jicho langu ndilo litakalopanda gari la moshi.

Saa nne maji yalikuwa yamekupwa, na mbele yetu likatokea fungu refu la mchanga. Juu yake walikuwa heroe.

Nilinyamaza. Wanaonijua watasema hapo ninadanganya, lakini nilinyamaza. Walikuwa mia, labda zaidi, wekundu wa kufifia kama kanga iliyofuliwa mara nyingi, miguu kama mianzi ya kuezekea. Walikuwa wakila kwa vichwa vilivyopinduliwa, mdomo wa juu ukiwa chini, wakichuja maji ya kina kifupi. Mnazi haukuwapo hata mmoja. Niliona haya kwa ajili ya ule uongo wangu, na haya yenyewe haikutokana na Mzee Saidi. Ilitokana na ndege. Walikuwa wazuri kuliko nilivyowatunga.

"Shuka uwatazame kwa karibu," akasema Kondo. "Mimi nasogea pale kutupa mshipi wa kuvulia."

Nikashuka. Niliwanyatia polepole, wakasogea, nikanyatia tena. Sasa, sisi watu wa milimani tunajua jambo moja juu ya maji: huteremka. Yakishapita yamepita. Mto wa kwetu haujapata kugeuka ukarudi kumtafuta mtu. Kwa hiyo nilipoona miguu imelowa nilidhani nimeingia kwenye dimbwi, nikahama. Nikahama tena. Mara heroe wote wakaruka pamoja, na chini ya mabawa yao nikaona wekundu mkali na weusi, na nilipoteremsha macho fungu halikuwapo.

Kondo alikuwa ndani ya mtumbwi, karibu kabisa, anakula ndizi zangu.

"Mtani, njoo unichukue," nikasema.

"Nakuja. Lakini niambie kwanza, ile milima yenu ni nini?"

"Ni milima."

"Basi ngoja kidogo."

Maji yakafika magotini. Akaniuliza tena, nikasema ni milima mikubwa. Yakafika mapajani, nikashusha, nikasema ni vilima.

"Mimi nasikia ni vichuguu," akasema Kondo.

"Mtani, wazee wangu wamezikwa kule."

"Mungu awarehemu," akajibu, akamenya ndizi nyingine.

Sikujua kuogelea. Nilijua kwamba mtani hamwui mtani, lakini bahari haikuwa mtani wangu, na baridi yake ilikuwa imefika kiunoni. Niliogopa hasa, nikamwona Mwanahawa akiolewa Matombo na mimi nikiliwa na kaa.

"Ni vichuguu," nikasema.

"Vya mchwa gani?"

"Mchwa wadogo."

Misukumo miwili ya upondo, akanifikia. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alasiri, nyumbani kwake, alinipa shuka kavu na samaki wa kuchoma, na nilimchukia mpaka samaki alipoiva. Gari halikuondoka mpaka Alhamisi, naye hakukubali nilale kwingine.

Wakati wa kurudi, tulipokaribia Mikese milima ikajitokeza. Nikahamia upande wa pili wa behewa. Katika safari hii nilijifunza kwamba maji ya bahari hurudi, na kwamba ndege wa kweli hahitaji kupandishwa mnazini. Hayo mawili nilikuwa tayari kumweleza yeyote. La tatu nilikusudia kufa nalo.

Ijumaa baada ya sala baraza ya Mzee Saidi ilijaa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikaanza. Nikasimulia mnandi, kitwitwi na yangeyange. Nikasema heroe hula kichwa chini, na kwamba wale wa juu ya minazi niliwatunga mimi. Mzee Saidi alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

"Ulishuka kwenye fungu?" akauliza.

"Nilishuka, mjomba."

"Nani alikupeleka?"

"Mzaramo."

Watu wakaacha kutafuna tambuu. "Alikuuliza nini?" akasema mzee.

Hapo uongo mmoja mzuri sana ulinijia kinywani, umeshonwa tayari, pindo na vifungo. Milima ilikuwa juu yetu, ukoo mzima ulikuwa mbele yangu, na Mwanahawa alikuwa mlangoni. Nikaumeza.

"Aliniuliza milima yetu ni nini. Nikasema ni vichuguu, vya mchwa wadogo."

Mtu mmoja akasema astaghfirullahi. Mzee Saidi akaniuliza:

"Maji yalikuwa yamefika wapi?"

"Kiunoni, mjomba."

Akageuza uso, akaitazama milima, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi niliposema vichuguu, yalikuwa hayajapita magoti. Mwanahawa, mletee mumeo kahawa."