Ghorofa Juu ya Ua wa Bibi

"Kwani neno letu lilikuwa na aibu gani?"

Bibi aliniuliza hivyo jioni ya siku ya mkutano, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, kichwa wazi. Hakuuliza kwa hasira. Angeuliza kwa hasira ningepata la kujibu. Nilimwambia mkutano umekwenda vizuri, watu wamepiga makofi, kisha nikaingia ndani kuchaji simu.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Kiwanja kilichopakana na chetu, hapa Ngamiani, Tanga, kilikuwa kimenunuliwa na mfanyabiashara, na asubuhi moja tukakuta tangazo limepigiliwa misumari ukutani: kusudio la kubadilisha matumizi ya kiwanja, kutoka makazi kuwa makazi na biashara, jengo la ghorofa tano. Nyumba iliyokuwapo ilikuwa ya zamani kama yetu, ya udongo na boriti za mikoko, imepigwa lipu ya chokaa, baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku. Walioiuza walikuwa wameshahamia Pongwe na kujenga huko kwa matofali.

Nyumba hizi zote zina ua nyuma, na kwa bibi yangu ua ndio nyumba. Huko ndiko liliko jiko, kisima, kamba za kuanikia, na bafu lisilo na paa. Mbele ni kwa wageni na wanaume, na bibi hapiti huko bila kujitanda. Uani alikaa na kanga moja kifuani, akajipaka mafuta nywele zake nyeupe, akasuka ukili wa mikeka, akagombana na paka wa jirani. Tangu aolewe kutoka Kigombe hakuwa na mahali pengine duniani pa kuota jua bila kujifunika.

Siku mbili kabla ya mkutano wanawake wa nyumba tano walikuja kukaa naye hapo uani. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nina maoni juu ya kila kitu. Nilitegemea malalamiko marefu. Walimaliza kabla chai haijapoa. Mtu kanunua chake, ajenge. Ila madirisha ya juu yasielekee kwenye nyua zao, na kama hawezi, aishie ghorofa moja.

"Tumtume huyu," alisema mama anayeuza maandazi pale kona. "Kasoma. Anajua kusema na wavaa tai."

"Kasoma, ila mdomo wake una haraka," bibi alisema. Akanigeukia. "Haya, mke mwenzangu, sema tulichokutuma."

Mke mwenzangu ndivyo anavyoniita tangu utotoni, kwa kuwa mimi ni mke wa babu, naye anadai nilimwibia mume nikiwa bado sijaota meno. Nikasema. Akataka niseme tena. Walinikaririsha kama mshenga anavyokaririshwa kabla ya kwenda kuposa, maana mshenga halipambi neno la watu. Analifikisha kama alivyopewa. Mara ya tatu nilianza kucheka, na hakuna aliyecheka nami.

Mkutano ulikuwa kwenye uwanja wa madrasa. Wanaume walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, wanawake nyuma kwenye mikeka. Bibi hakuja, miguu ilikuwa imevimba. Pembeni palikuwa na kreti za soda na mabeseni ya sambusa yaliyofunikwa magazeti, zawadi ya mfanyabiashara, ambaye hakuja mwenyewe. Alimtuma mtu mwenye picha kubwa ya rangi ya jengo litakavyokuwa. Kwenye picha ile mtaa wetu ulikuwa na miti ambayo sijawahi kuiona Tanga, na Wazungu wawili wanatembeza mbwa mbele ya msikiti. Watu walikuwa wakiipokezana picha wakitikisa vichwa kwa kuridhika.

Upande wa pili walikaa wageni watatu wa kutetea nyumba za kale. Walikuwa wamezunguka mtaani tangu asubuhi wakipiga picha milango. Hakuna hata mmoja aliyeomba kuingia ndani, ila mmoja alimwomba mama wa maandazi asogee kwa sababu beseni lake la plastiki lilikuwa linaharibu picha ya ukuta.

Mwenyekiti wa mtaa alifungua kwa dua, akasema tumekuja kutoa maoni juu ya matumizi mapya na magari yatakayoegeshwa. Kisha fundi cherehani mmoja, mtu mzima, akasimama.

"Nyumba hizi ni historia ya babu zetu," alisema.

"Historia gani, mzee wangu," akadakia dereva wa bodaboda. "Mvua ikinyesha si mnahamishia vitanda kwa jirani?"

"Wewe huna nyumba hata ya kuvuja."

Watu wakacheka. Mwingine akasema kutoka nyuma ya viti: "Mlango wa babu yenu mliwauzia watu wa Unguja, leo mnatulilia urithi?"

"Niliuza mlango. Sikuuza nyumba."

"Sasa umebakiwa na nini, tundu?"

Iliendelea hivyo karibu saa nzima. Waliotaka ghorofa walitaka vibarua, na walioikataa wengi wao, kama nilivyowajua, walikuwa wanangoja bei ipande. Kila aliyesema alitupa jicho kwenye sambusa. Nilikuwa nikiwatazama na kujiambia kwamba katika uwanja huu mzima mimi peke yangu ndiye nisiye na cha kuuza.

Mwenyekiti akasema kina mama nao waseme. Nikasimama.

Neno lilikuwa mdomoni. Lakini vijana walioegemea ukuta walikuwa wameinua simu wananirekodi, nikasikia jinsi maneno "bafu la bibi" yatakavyotoka midomoni mwao. Nikisema hivyo nasema nusu tu ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nililiona neno lile dogo. Miaka mitatu nilikuwa nimeandika insha za kupinga kuta zinazowaficha wanawake, nilikuwa nimebishana na bibi huyo huyo kuhusu kujitanda, na sasa nisimame mbele ya watu wenye kamera nitetee ukuta? Niombe kwa niaba ya nywele?

Basi nikatoa hotuba. Nilisema urithi, nikasema utambulisho wa mji wa pwani, nikasema utalii. Nilisifu kuta zetu za mawe ya matumbawe, na nyumba yetu haina hata jiwe moja la matumbawe. Nilipofika kwenye vizazi vijavyo wale wageni watatu walikuwa wanapiga makofi, na watu wakawafuata kwa kuwa makofi yalishaanza. Ua sikuutaja.

Nilipopita kwenye mikeka, mama wa maandazi alinishika mkono.

"Umesema vizuri, mwanangu. Ila umesema ya nani?"

Nikauvuta mkono wangu. Mgeni mmoja alikuwa ananiita. Aliniomba nirudie kidogo ile ya matumbawe, tukiwa barazani kwetu, kwenye mwanga mzuri. Nikarudia, mara mbili, na mara ya pili niliweka mkono juu ya ukuta wa udongo kama mtu anayembembeleza farasi. Video hiyo bado ipo mtandaoni. Sijawahi kuiangalia hadi mwisho.

Wageni waliondoka siku hiyo hiyo, na jengo likajengwa. Kilichonishangaza ni kwamba wajenzi walikuwa watu wazuri. Ningependa wangekuwa wahuni, tungewatukana na tukapumua. Walikuwa vijana wa adabu, wengi wa Makorora, na walipofika ghorofa ya pili, wa kwanza aliyetupa macho uani kwetu alisema kutoka huko juu, kwa sauti ya heshima kabisa:

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu," bibi akajibu, akavuta kanga kichwani.

Kuanzia hapo alisalimiwa kila asubuhi. Ghorofa ya tatu, shikamoo bibi. Ghorofa ya nne, bibi leo samaki gani, harufu inatuua huku. Aliwajibu wote, na kila alipojibu alijifunika. Wiki hazikupita nyingi akahamishia mbuzi ukumbini, kwenye giza, akawa anakuna nazi kwa kupapasa. Kuoga akawa anaoga kabla ya adhana ya alfajiri.

Nikajaribu kumpa hoja, kama kawaida yangu. "Bibi, hao si sawa na wajukuu zako tu?"

"Wajukuu zangu hupiga hodi, mke mwenzangu."

Mafundi walipomaliza, wakaja wapangaji. Madirisha tisa yanatutazama, nimeyahesabu, na mengi hayafunguliwi kamwe, kwa kuwa ndani kuna viyoyozi. Bibi hajali kama yanafunguliwa. Tulifunga turubai la buluu juu ya ua, kutoka ukuta hadi ukuta. Chini yake kila kitu ni cha buluu, wali, mikono, uso wake. Nguo hazikauki, zinanuka uvundo. Mhina uliokuwa karibu na kisima umekufa kwa kukosa jua. Mwenye jengo aliposikia, alituma salamu na mfuko wa mchele, na mimi nikaula mchele huo.

Zaidi ya miaka miwili baadaye nilipata kibarua ofisi ya ardhi, cha kuingiza mafaili ya viwanja kwenye kompyuta, nikafika kwenye faili la kiwanja kile. Ndani palikuwa na barua ya ofisi kwa mwenyekiti wa mtaa, ikimtaka aitishe mkutano na awaulize wakazi mambo matatu. La kwanza lilihusu matumizi, la pili magari. La tatu liliuliza kama majirani wana pingamizi kwa jengo kuangalia nyua zao, na likaeleza kwamba likiwapo hata pingamizi moja, kibali kitaishia ghorofa moja. Pembeni mwenyekiti alikuwa ameandika kwa kalamu: Hakuna.

Nilikwenda kwake jioni hiyo. Hakukana. Alivua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Lile la tatu sikulisoma," alisema. "Ningelitamkaje mbele ya mama zangu? Nikaona, kama wanalo, msemaji wao atalisema."