Safu Tatu za Ayeeyo

Iko siku moja naikumbuka hata leo, mwanangu Hodhan, na nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, kwetu nje ya Habaswein, na nilijiona fundi kuliko mafundi wote.

Ayeeyo wangu, bibi mzaa mama, alikuwa akisuka dhiil, kile chombo chetu cha maziwa kinachosukwa kwa mizizi mpaka kikakazana. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kwa hiyo alisuka kwa kidole gumba. Anapapasa, anatoboa kwa mfupa uliochongwa, anapitisha mzizi, anavuta. Safu ambayo mimi ningeimaliza chini ya saa moja, yeye ilimchukua siku tatu. Lakini alikuwa na raha zake. Alisuka huku akitugombeza sote, na nyumba nzima ikajua kwamba yupo.

Basi nikaona safu zake tatu za juu zimekwenda upande. Wageni wa harusi ya binamu yangu walikuwa njiani, nikaona aibu. Alipolala mchana nikazifumua, nikazisuka upya, zikanyooka sawasawa. Nilijipongeza, mwanangu. Nilikaa nikingoja shukrani.

Aliamka, akakichukua chombo, kidole gumba kikapita juu ya safu ya kwanza kikasimama. Akausukuma ule mfupa chini ya mkeka, akakunja mikono. Siku ya pili hakuitisha mizizi. Ya tatu akaacha kutugombeza. Chai ikawa inapoa mbele yake. Bibi aliyekuwa akinikemea tangu alfajiri sasa alijibu "sawa" kwa kila kitu, na mimi nikaogopa kwamba tunampoteza.

Mama ndiye aliyenibana.

"Ulifanya nini na hiyo dhiil?"

"Nilimsaidia tu, hooyo."

"Alikuita?"

"Hapana."

"Basi hukumsaidia. Umemwambia hana kazi tena hapa nyumbani. Enda umwambie vingine."

Nilifumua safu zangu nzuri, moja baada ya nyingine, na niseme kweli, iliniuma. Nikaloweka mizizi, nikaenda kukaa chini miguuni pake. Nikamwambia, "Ayeeyo, ni mimi nilifumua kazi yako. Yangu nimeitoa. Mahali pako pako wazi." Alininyamazia mpaka miguu ikafa ganzi. Halafu akauliza kama mizizi nimeloweka. Nikasema nimeloweka.

"Umeloweka kidogo, nakujua. Leta."

Nikalia kwa furaha, kwa sababu alikuwa amenigombeza.

Alimaliza siku nyingi baada ya harusi. Tukakifukiza kile chombo, tukatia maziwa ya ngamia, na pale kwenye safu tatu kikavuja. Ayeeyo akapapasa lile tone, akacheka. "Basi mjaze mpaka hapa," akasema, akaweka kidole chini ya safu zake. Na ndivyo tulivyofanya miaka yote, hata baada ya yeye kwenda zake. Kila aliyemimina maziwa alisimama pale kidole kilipokuwa, na hakuna aliyelala njaa kwa ajili ya zile safu.

Sasa mimi ndiye ayeeyo katika nyumba hii ya wazee ya Garissa. Nakaa barazani kila Jumanne nasuka mkeka wangu na wenzangu, na macho yangu bado yanafanya kazi. Juzi, wewe unayetuhudumia hapa, nilikuona ukichukua kamba ya Mzee Abdi, ile anayoisokota kwa mkono unaotetemeka tangu augue kiharusi. Ulifungua mafundo yake ukaisokota upya, kwa vile wageni wanakuja Alhamisi na unataka meza ya kazi zetu ipendeze. Imependeza kweli. Lakini Mzee Abdi hajatoka chumbani tangu juzi, na wewe unatuambia amechoka. Hajachoka, mwanangu.

Sikugombezi. Au nakugombeza kidogo. Moyo wako ni mzuri, na mikono yako ina haraka kama yangu ya wakati ule. Nasaha yangu ni hii: usimmalizie mzee kazi ambayo hakukuomba uimalize. Mshikie ncha ya kamba, mlowekee katani, mwokotee kilichoanguka, kisha ungoje, hata kama una mambo mengine. Kazi yake ikiwa mbovu, ni yake. Wageni wakiuliza, waambie hii ni kamba ya Abdi, aliyefunga ngamia kule Hadado kabla wao hawajazaliwa, kisha uwape waishike.

Haya, fumua uliyoisokota, umpelekee, ukae chini, useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ni wewe. Akinyamaza, usiondoke. Akikugombeza, shukuru.

Mungu akupe umri mrefu, Hodhan. Na ukifika huku tuliko sisi, akupe mtu wa kujaza maziwa mpaka pale kidole chako kilipoishia.