Sura Niliyomchorea Mama Mwaisha

Mwaka jana nilichora sura ya mtu ambaye, kwa akili yangu, sikuwahi kumwona maishani.

Siku ya nne akapatikana. Dumila, mchana kweupe. Pua ileile, mashavu yaleyale, hadi kovu la juu ya jicho.

Watu wakaniita kiboko.

Naomba msome mpaka chini kabla na nyie hamjanisifia.

Naitwa Jesca. Naishi Kihonda, hapa Morogoro. Nilikuja kusoma, nikamaliza, ajira ikagoma, nikabaki na kile nilichokuwa nakiweza tangu shule ya msingi. Kuchora.

Ila sichori kwenye karatasi. Nina laptop ya mtumba na tableti ya kuchorea, kile kibao cheusi chembamba chenye kalamu isiyo na wino. Mkono unapita juu ya kibao, mstari unatokea kwenye kioo cha laptop. Michoro yangu ni ya vekta, yaani unaweza kuikuza kutoka lebo ya chupa ya asali hadi bango la barabarani na isichuje hata kidogo.

Wachoraji wengi wanaweka picha ya mtu chini, wanafuatisha mistari juu yake. Mimi hapana. Mimi nachora kwa mkono huru, kutoka kichwani.

Nilikuwa najivunia hilo kupita kiasi.

Nilipanga chumba cha kazi na jamaa mmoja anaitwa Dennis, anachapa fulana. Kwao ni Mlali, kule chini ya milima. Sasa siku moja ya mwezi wa nne, saa nne asubuhi, Dennis akaingia na mama mmoja ambaye ni jirani yao huko. Jina lake Maimuna, ila wote wanamwita Mama Mwaisha.

Alikuwa amemshika mwanawe mkono. Kamshika kwa nguvu mpaka vidole vya mtoto vimepauka.

"Shikamoo dada," nikamwambia.

"Marahaba mdogo wangu. Dennis kaniambia wewe unaweza kumtoa mtu kichwani ukamweka kwenye kompyuta."

Akanisimulia. Jumatatu, Mwaisha, miaka sita, alikuwa anatoka shule. Mwanaume akamwita, akamshika mkono, akaanza kuingia naye kwenye shamba la mahindi. Bahati mama mtu alikuwa anarudi kutoka bustanini. Akaona. Akapiga yowe. Yule mtu akageuka mara moja, akamwachia mtoto, akatimua mbio.

Mtoto hakuguswa. Lakini mama hakuwa amelala tangu siku hiyo. Kituoni alishatoa maelezo, wakamwambia wanafuatilia. Mlali nzima wazazi wakawa wanasindikiza watoto shule na mapanga.

"Nichoree," akasema. "Nataka kila mtu amjue."

Nikawasha tableti.

"Uso wake ulikuwaje dada? Mrefu? Wa mviringo?"

"Mrefu... Sijui. Alivaa kofia."

"Mrefu hivi?"

"Eeh. Kama hivyo."

"Macho?"

"Mabaya."

"Mabaya kivipi? Yameingia ndani?"

"Eeh, yameingia."

"Hakuwa na alama yoyote? Kovu?"

"Huenda."

"Wapi? Hapa juu ya jicho?"

"Hapohapo."

Rudia kusoma hayo mazungumzo. Mimi nilichukua miezi kadhaa kuyaelewa. Kila kitu nilikisema mimi. Yeye aliitikia tu.

Lakini siku ile mkono ulinoga, wadau. Wachoraji wenzangu wanaujua ule mzuka, kalamu inatangulia na wewe unaifuata. Mstari wa taya ukakaa wenyewe. Pua ikakaa. Mikunjo ya pembeni ya mdomo nikaipitisha mara moja tu, sikufuta.

Mwaisha alikuwa kwenye kiti cha plastiki anakula andazi. Akanyanyuka, akachungulia kioo.

"Mama, huyu babu ni nani?"

"Nyamaza," mama yake akamwambia.

Dennis akatikisa kichwa. "Dah, mtoto wa watu. Hofu imemfutia kila kitu."

Na mimi nikakubali kwamba ni hofu.

Nilipomaliza, Mama Mwaisha aliutazama ule mchoro kwa muda mrefu. Kisha akalia.

"Ndiye," akasema. "Wallahi ndiye."

Dennis ndiye aliyeongeza maneno, kwa rangi nyekundu: MTEKAJI WA WATOTO. UKIMUONA USIMWACHE.

"Hiyo 'usimwache' imekaaje?" nikamuuliza.

"Si wampeleke polisi jamani. Watu wana akili zao."

Nikasema poa. Tukarusha kwenye magrupu. Kabla ya jioni mchoro ulishanirudia mwenyewe, nimetumiwa na shangazi yangu wa Songea, kaandika "mwanangu jihadhari huko".

Siku ya nne Dennis aliingia mbio, simu juu.

"Jesca! Kapatikana! Dumila, pale njia panda! Na kakiri mwenyewe! Wamemuuliza, kasema huyu ni mimi!"

Akanionyesha video. Watu wengi, vumbi, mtu yuko chini, simuoni uso. Sauti inasema "piga huyo, kasema mwenyewe". Polisi walimwokoa akiwa hajitambui, wakamleta hospitali huku mjini.

Mnataka ukweli? Niliruka. Nilimkumbatia Dennis. Niliagiza soda. Nikaweka ule mchoro kwenye ukurasa wangu na maneno "Kazi ya mkono wangu", na ndani ya saa chache watu wapya mia nne walikuwa wananifuata. Mmoja akaandika, "Dada unastahili tuzo." Nikampa kopa, ile alama ya moyo.

Kesho yake mchana simu ikaita. Mama Mwaisha. Alikuwa ameitwa hospitali kumtambua yule aliyekamatwa.

"Jesca."

"Abee dada. Umemwona?"

"Siye."

"Siye nani?"

"Siye huyu. Yule alikuwa kijana. Huyu ni mtu mzima, kichwa kimejaa mvi. Na mguu wake mmoja wanasema ni mbovu miaka yote. Yule niliyemwona alikimbia, Jesca, alikimbia kama hana mwili."

"Lakini dada, ulisema ndiye. Uliapa."

"Nilikuwa nimemsahau. Nimekaa siku tatu namtafuta kichwani simpati. Wewe ukanionyesha mtu."

Akakata.

Nilikwenda hospitali kwa miguu. Sijui kwa nini sikuchukua bodaboda. Nafikiri nilitaka nichelewe kufika.

Wodini kulikuwa na askari kwenye benchi, na mwanamke amejifunga khanga kiunoni, anamlisha uji mgonjwa kwa kijiko. Mgonjwa jicho la kushoto limefungwa bandeji, mkono wa kulia uko kwenye plasta hadi begani. Uso umevimba, huwezi kusema ni wa nani.

"Shikamoo baba," nikasema.

Jicho lililobaki likanigeukia. Likakaa juu yangu. Halafu ile midomo iliyopasuka ikajaribu kucheka.

"Marahaba. Aa, dada wa picha! Sharifa, ndiye huyu dada wa picha niliyekuwa nakwambia."

Sikumwelewa. Nikadhani maumivu yanamchanganya.

"Umenisahau," akasema. "Dakawa. Nilikuwa naamia ndege kwenye mpunga, nawafukuza kwa kombeo. Ukanipiga picha nikiwa juu ya kichanja, ukasema unajifunza kuchora."

Nikakaa chini, sakafuni.

Sufiani.

Miaka mitatu nyuma nilikuwa nasoma kozi ya mtandaoni. Zoezi la kumaliza lilikuwa hili: chagua uso mmoja, uchore mara arobaini, mpaka uweze kuuchora bila kuangalia picha. Nilikuwa nimepita Dakawa kwa rafiki yangu, nikamwona huyu mzee na kombeo lake, uso wake una mistari mizuri, nikamwomba. Akakubali bila neno. Nilimchora mara arobaini. Nikafaulu. Nikarudi mara moja kumpelekea mmoja uliochapwa, akaushika kwa mikono miwili kama kitu cha kuvunjika. Halafu nikaendelea na maisha yangu, na jina lake likapotea kichwani.

Mkononi hakikupotea kitu.

"Baba," nikasema, "ilikuwaje pale Dumila?"

"Nilikwenda kununua nyavu. Nikaona vijana wameshika simu, ndani kuna sura yangu. Mimi kusoma sijui. Nikajua yule dada kanichora tena. Nikafurahi." Akameza mate kwa shida. "Nikawaambia, jamani, huyo ni mimi. Hawakuamini. Nikavua kofia, nikawaonyesha na kovu."

Sharifa, mkewe, alikuwa amesimamisha kijiko hewani.

"Kumbe yalikuwepo maandishi," Sufiani akasema. "Watu hapa hawataki kuniambia. Dada, yaliandikwa nini?"

Nilimwambia. Neno kwa neno.

Aligeuza uso ukutani, na hakunigeukia tena mpaka askari aliponiambia muda wa kuona wagonjwa umeisha.

Kesho yake asubuhi nilifungua faili la kozi. Nikachukua mchoro wa arobaini, nikauweka chini. Juu yake nikaweka ule wa mtekaji, nikaufifisha uonekane kama kivuli.

Mistari ililala. Taya juu ya taya. Pua juu ya pua. Mikunjo ya mdomo, ile niliyoipitisha mara moja bila kufuta, ilifunikana mpaka ikawa mstari mmoja.

Mama Mwaisha alinipa kofia na macho mabaya. Vingine vyote nilivitoa kwa Sufiani.

Nilikwenda polisi nikaeleza kila kitu, na mafaili nikawapa. Sufiani aliachiwa palepale kitandani. Vijana watatu walikamatwa kwa kumpiga, ingawa kwenye video wako wengi. Nikaandika kwenye ukurasa wangu kwamba mchoro ni wa uongo, mtu huyu hana kosa. Watu kumi na mmoja wakasambaza. Kumi na mmoja! Ule wa kwanza ulikuwa umeshahama mikoa. Mwezi uliopita niliuona tena, safari hii eti mtekaji wa Tabora.

Dennis alihamia Dar. Nilipompigia alisema, "Mimi niliandika tu. Wewe ndiye uliyechora." Sijamjibu, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Na yule mtu halisi hajapatikana mpaka leo.

Askari wa kike alipokaa na Mwaisha, wiki mbili baadaye, mtoto alieleza vizuri tu. Alisema alikuwa kaka, si babu. Hana ndevu. Fulana ya kijani. Siku zote hizo alikuwa anakumbuka. Sisi watu wazima watatu tulikuwa naye chumba kimoja na hakuna aliyemuuliza.

Jicho la kushoto la Sufiani halioni tena. Mkono wa kulia haupandi juu ya bega, kwa hiyo kombeo basi, na bila kombeo hakuna kuamia ndege. Nimekwenda kwao mara nne. Mara mbili za kwanza Sharifa alinizuia mlangoni.

"Usituletee kitu," aliniambia. "Ulikuja na simu ukachukua uso wake, tukakushukuru. Sasa unataka nini tena?"

Nilirudi zangu.

Mara ya nne ilikuwa mwezi huu. Sufiani alikuwa amekaa uani, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Sokoni haendi. Msikitini anakwenda akiwa wa mwisho kuingia na wa kwanza kutoka, maana wapo wanaomtazama na kuvuta watoto wao.

"Baba, nifanye nini?" nikamuuliza.

"Waambie."

"Nimewaambia baba. Niliandika siye wewe."

"Uliwaambia siye. Hukuwaambia ni nani."

Kwa hiyo nawaambia.

Anaitwa Sufiani Kibwana. Ana miaka hamsini na sita. Ameamia ndege Dakawa tangu ujana wake na walimwita mashambani kwa zamu kwa sababu alikuwa hakosi. Ana watoto wanne na wajukuu wawili. Lile kovu alilipata akiwa na miaka tisa, alianguka kwenye mpera. Hajawahi kumshika mtoto wa mtu mkono kwa ubaya.

Nilichojifunza ni hiki, na nimekilipia kwa jicho la mtu mwingine. Aliyeona kwa sekunde mbili hana sura ya kukupa. Ukimlazimisha, sura unampa wewe, naye ataipokea kwa sababu anateseka. Na wewe unayepokea picha kwenye grupu na kuirusha mbele kwa kidole kimoja, hata kama hukushika fimbo, ulikuwepo Dumila.

Mtakaouliza kwenye maoni "mbona huweki picha yake tumuone", jibu langu ni hapana. Sufiani amekataa. Mwekeni kichwani kwa jina.