Kumi na Tisa kati ya Ishirini

Kwa miaka ishirini na miwili, mtu akifariki Bagara, kabla hata turubai halijafungwa vizuri, lazima mtu aulize Mwalimu Damiani yuko wapi. Yeye ndiye aliyesoma historia za marehemu. Nasema alisoma, lakini karatasi hakuwa nayo. Wenzake huandikiwa ukurasa mzima na bado wanababaika. Yeye alikaa na wafiwa nusu saa, akasikiliza, na kesho yake akasimama kando ya jeneza akataja mwaka wa kuzaliwa, wa ubatizo na wa ndoa, na watoto wote kwa kufuatana. Alistaafu ualimu wa shule ya msingi bila cheo wala nyumba ya kutamanisha. Kumbukumbu ndiyo iliyokuwa mali yake, na tusidanganyane, alikuwa akiiringia.

Ndipo ukaja msiba wa mzee Theodori, kule Maisaka. Marehemu aliacha watoto watano. Mwalimu akamtaja wa kwanza, akamruka wa pili, akaendelea mpaka kitindamimba kwa sauti ileile ya kujiamini. Wa pili alikuwa Scola, aliyemuuguza baba yake miaka mitatu, na alikuwa amesimama hatua mbili tu mbele yake, ameshika picha ya marehemu. Aliinamisha kichwa, watu wakaanza kunong'ona, na hapo Mwalimu akajua. Akaomba radhi kwenye kipaza sauti, na hata katika kuomba radhi jina halikuja. Katekista ndiye aliyemnong'oneza.

Tangu siku ile akawa mtu wa njia za uani. Kanisani alikaa benchi la nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Mkewe Antonia alimwambia kusahau ni jambo la kawaida kwa mtu wa miaka sitini na minane, naye akamjibu kwamba la kawaida ni kwa watu wengine.

Basi aliposikia kuwa Daktari Edda, binti wa Dareda aliyesomea mambo ya ubongo, amekuja na wenzake kwenye kituo cha afya kutafuta watu wazima ishirini na wanne wa kushiriki utafiti, alikuwa wa kwanza kufika. Edda alimweleza taratibu. Wanataka kujua ubongo unatunzaje kumbukumbu. Wanaweka juu ya kichwa kifaa cha sumaku chenye umbo la namba nane, kinatoa misukumo isiyouma, kisha mshiriki anasomewa maneno ishirini na baada ya nusu saa anaulizwa ameyakumbuka mangapi. Kila mshiriki anakuja siku mbili, wiki mbili tofauti, na kwa kuwa orodha ya kila siku ni ileile kwa wote, maneno hayaruhusiwi kusimuliwa nje. Akarudia mara tatu kwamba haya si matibabu. Mwalimu aliitikia mara tatu, na mara zote tatu hakusikia. Kwa mawazo yake alikuwa anakwenda kuchomwa sindano ya akili.

Siku ya kwanza kifaa kililia tik tik tik juu ya sikio lake la kushoto. Baada ya nusu saa alikumbuka maneno sita. Edda aliandika namba ile bila kukunja uso, akamkumbusha kuwa huu si mtihani. Lakini umwambie nini mtu aliyesahihisha mitihani kwa miaka thelathini na minne? Sita kati ya ishirini, kwake, ni mtoto wa kuitiwa mzazi.

Jirani yake Josephine, fundi cherehani, naye alikuwa mshiriki, na alishamaliza siku zake zote mbili. Mwalimu alimwendea kibandani akajifanya anauliza bei ya kupunguza suruali. Kisha akayauliza maneno ya siku ya pili. Josephine alisita, akasema waliambiwa wasiyaseme. Mwalimu akamtazama kwa jicho lile la darasani. Alimfundisha darasa la tatu. Mwanamke yule angemnyimaje mwalimu wake? Kinu, daraja, mbegu, shuka, kengele. Alimtajia kumi na saba, na yeye, mtu asiyetumia karatasi, akayaandika nyuma ya risiti ya mbolea. Siku tatu alikuwa akipalilia maharage huku akikariri. Huyu ndiye aliyewahi kumpigisha magoti mtoto mbele ya shule nzima kwa kuchungulia daftari la mwenzake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Siku ya pili alipata kumi na tisa.

Alimwambia Antonia, na hapo ndipo alipojifungia mlango mwenyewe, kwa sababu Antonia alifurahi kiasi cha kuitangaza habari kwenye sala za jumuiya. Watu wakapiga makofi. Mwalimu amerudi, walisema, na Mungu asifiwe kwa wataalamu. Jumatano Bibi Xaveria wa Nangara akafariki, na watoto wake wakatuma ujumbe kwamba historia ya mama yao wanamtaka Mwalimu Damiani, Jumamosi. Angekataa kwa sababu gani? Akakubali, na usingizi ukamkimbia.

Ijumaa asubuhi Edda alimwita kwa mazungumzo ya kufunga. Alimwamkia, akampa kiti, akasema sasa anaruhusiwa kumweleza jambo ambalo washiriki hawaambiwi mwanzoni.

"Katika zile siku mbili, Mwalimu, siku moja kifaa kinafanya kazi, siku nyingine kinalia tu, ili tuweze kulinganisha. Kwako kilifanya kazi siku ya kwanza. Siku ya pili hakikugusa ubongo wako hata kidogo."

Edda akaendelea, bila ubaya wowote, kwamba majibu yake yamewasumbua sana, maana hakuna mshiriki mwingine aliyeruka namna ile siku ya bandia. Siku mbili nzima walikuwa wakikagua mashine. Alishamgombeza kijana wake wa mitambo akidhani amechanganya siku, na kijana alikuwa ameanza kuamini kwamba kweli alikosea.

Mlango wa kuponyokea ulikuwa wazi. Angeweza kusema pengine ni maombi ya jumuiya, na Edda, kwa adabu aliyolelewa nayo, asingebisha. Maneno hayo yalimfika kabisa mdomoni.

"Hakuchanganya," alisema. "Niliiba. Maneno yale nilikuja nayo kutoka nyumbani."

Edda alimtazama, kisha akatazama chini, na huko kutazama chini kwa binti anayeweza kuwa mwanawe kulimuuma kuliko kama angemfokea. Alimuuliza nani aliyempa. Mwalimu akataja jina, akaongeza kwamba lawama si ya Josephine, kwani alimwendea kama mwalimu wake, akijua hawezi kukataa. Edda akasema majibu yake yote itabidi yaondolewe, lakini ataandika tu kwamba mshiriki amejitoa.

"Andika nilivyofanya," Mwalimu alisema. "Na huyo kijana umwite, nimwombe radhi."

Alimwomba radhi akiwa amesimama. Wote wawili wakamuaga kwa heshima ileile ya mwanzo.

Hakurudi nyumbani. Alinunua daftari dukani akaenda moja kwa moja Nangara. Chini ya turubai wafiwa walimpisha kiti cha mbele, na mtoto mkubwa wa marehemu, mwanamume mwenye mvi tayari, akamshika mikono yote miwili. Tumesikia mashine imekuamsha, alisema. Wengine wakaitikia kwa furaha ile ndogo inayoruhusiwa msibani.

"Hakuna mashine iliyoniamsha," Mwalimu akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi arudie. "Niliibia majibu. Mimi ninasahau, jamani, na ninazidi kusahau. Kesho nitasoma kwenye karatasi, kama bado mnanitaka."

Mwanamke mmoja akajifanya anamfunika mtoto khanga. Hatimaye mtoto mkubwa wa marehemu akavuta benchi, akaketi karibu naye, akasema karatasi si dhambi, waanze.

Mwalimu akafungua daftari. Akaandika jina la Bibi Xaveria, mwaka wa kuzaliwa, na ubatizo wake kule Mbulu. Kisha akasema waje kwa watoto, kuanzia mzaliwa wa kwanza.

"Wa kwanza ni mimi, Mwalimu," yule mwanamume alisema.

Mwalimu alimtazama. Uso aliujua. Alilijua kovu la kwenye nyusi na dawati la dirishani alilokalia miaka miwili darasani kwake, na hata mwandiko wake mbaya aliukumbuka. Kalamu ikabaki juu ya karatasi, ikingoja jina. Mwanamume yule naye alingoja, akitabasamu, mpaka tabasamu likaisha lenyewe.

"Yohanes," mwanamume akajitaja mwenyewe polepole.

Mwalimu aliandika bila kuinua uso.