Kijiji Chenye Presha Moja

Kampuni yetu ya dawa ilinipa rekodi za zahanati nizichambue. Nikakuta muujiza: wagonjwa wote wa presha kutoka kijiji cha Bodo wana kipimo kilekile, kizuri ajabu. Mimi na digrii yangu sikujiuliza chochote. Nilitangaza kwamba dawa yetu imeshinda, na wakubwa wakakodi ukumbi wa hoteli Diani, wakatuma basi likawalete wagonjwa hao wawe mashahidi.

Basi likamshusha bibi mmoja.

"Shikamoo, bibi. Wenzako wako wapi?" nikauliza, wakubwa wamesimama nyuma yangu.

"Marahaba, mwanangu. Wana kazi zao." Akafungua fundo la leso, akatoa rundo la kadi. "Kila mwezi hunituma mimi. Muuguzi hunipima, akaandika kipimo changu kwenye kadi zote, nikawachukulia dawa. Mimi mwenyewe sina presha."